MASHUA YA UMEME IENDAYO KASI: NAMNA YA KUCHAGUA YA KWANZA

Tangu treni ya umeme ianze kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni, 2024, na kusimama hapa kwetu Ngerengere, maswali juu ya mota yamezidi katika darasa langu la Fizikia. Zamani mwanafunzi aliniuliza mota ni kitu gani. Siku hizi huniuliza mota yenye nguvu zaidi ni ipi. Muhula huu swali hilo limeingia majini. Baadhi ya wanafunzi wameona katika simu za wakubwa wao picha za mashua ndogo zinazoendeshwa kwa redio, zikipasua maji kama mshale, na wawili wamekwisha ahidiwa na jamaa zao kununuliwa moja wakifaulu mtihani. Wazazi nao wamenijia wakiuliza: Mwalimu, ipi inafaa?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe likivunjika mkulima hulitia mpini mwingine akaendelea na kazi yake. Mashua ikizimika katikati ya bwawa, mtoto huvua shati na kuifuata. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu nimeona yafaa kuandika somo hili. Jibu langu nalitoa mapema: mashua nzuri ya kwanza si ile iendayo kasi kuliko zote, bali ni ile irudiyo ukingoni kila mara. Yote yanayofuata yanatokana na neno hilo moja.

Chombo hiki ni kitu gani

Kuendesha mashua kwa redio si jambo jipya. Nikola Tesla, mvumbuzi aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Kroatia na kufanya kazi Marekani, aliwaonyesha watu mashua ya namna hii mwaka 1898 katika jumba la Madison Square Garden, mjini New York. Ilikuwa na betri ndani, mota, usukani, na kifaa cha kupokea mawimbi ya redio. Inasimuliwa kwamba watazamaji wengine walidhani mna uchawi, na wengine kwamba mmefichwa nyani aliyefundishwa kazi.

Mashua za leo zina viungo vilevile. Betri hutoa umeme. Kidhibiti mwendo hupima umeme huo kwa amri ya rimoti. Mota huzungusha mhimili. Mhimili huzungusha rafadha. Na mota nyingine ndogo sana hugeuza usukani. Treni yetu hupata umeme wake wa volti 25,000 katika waya zilizo juu ya reli muda wote wa safari. Mashua haina waya. Hapana budi ichukue akiba yake tangu ukingoni, na akiba hiyo ikiisha safari imekwisha, hata kama iko katikati ya maji. Tofauti hii ndogo ndiyo chanzo cha taabu nyingi.

Kwanza: yatazame maji

Watu wengi hununua mashua kwanza, kisha hutafuta maji. Yafaa kufanya kinyume. Nenda ukayaone maji utakayotumia, uhesabu upana wake kwa hatua zako.

Mto Ngerengere, utokao katika milima ya Uluguru na kuingia katika Mto Ruvu, haufai. Wakati wa masika hujaa na kwenda kwa nguvu, ukibeba matope na magogo. Wakati wa kiangazi hupungua ukabaki mawe na mchanga. Bwawa la Mindu ni zuri kwa macho, lakini ndilo liupatialo mji wa Morogoro maji, na si mahali pa michezo bila idhini ya wenye kulisimamia. Na popote penye mamba au viboko hapana mchezo kabisa. Kadhalika usikaribie mahali watu wanapooga, wanapofua, au wanaponywesha mifugo, wala eneo lolote la jeshi lililokatazwa. Yanayobaki ni lambo tulivu lisilo na magugu, ambalo mwenyewe amekuruhusu kulitumia.

Tuseme lambo hilo lina upana wa mita 60. Mashua iendayo kilomita 36 kwa saa huenda mita 10 kwa sekunde, basi italivuka kwa sekunde 6. Ukipiga chafya imekwisha gonga ng'ambo. Mashua ya kilomita 18 kwa saa itachukua sekunde 12, nawe utapata nafasi ya kufikiri na kugeuza.

Wala si mashua tu itakayoumia. Mashua yenye uzito wa kilo 1 iendayo kilomita 36 kwa saa ina nishati ya jouli 50, sawa na jiwe la kilo 1 lililoanguka kutoka kimo cha mita 5. Kwa kilomita 18 kwa saa nishati ni jouli 12.5 tu, yaani jiwe hilohilo likianguka kutoka kimo cha mita 1 na robo. Kasi imepungua mara mbili, lakini pigo limepungua mara nne. Mzazi anayesoma hesabu hii ataelewa kwa nini nasema kilomita 15 hadi 25 kwa saa zatosha kabisa kwa anayeanza.

Pili: umbo la chombo

Chombo kikiwa kimekaa ndani ya maji, hakiwezi kwenda kasi hata ukikipa mota kubwa. Sababu ni wimbi lake mwenyewe. Kikisonga husukuma wimbi mbele ya omo, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka chombo kinajikuta kama mtu anayepanda mlima usiokwisha. Kanuni yake ni rahisi: chukua urefu wa chombo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.25, utapata kasi kwa mita kwa sekunde. Mashua ya sentimita 36 ni mita 0.36, kipeuo chake ni 0.6, mara 1.25 ni 0.75. Hiyo ni kilomita 2.7 tu kwa saa, na mtu atembeaye kwa miguu aweza kuipita.

Basi mashua za mbio hufanya hila. Sehemu yake ya chini imetengenezwa hivi kwamba mota ikiongeza nguvu, maji huinua chombo, nacho huteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Maumbo ni matatu hasa.

Lipo umbo la V, ambalo chini yake limechongoka kama ukwato. Hilo hukata mawimbi madogo bila kurukaruka, na hugeuka kwa utulivu. Lipo umbo la miili miwili iliyounganishwa, lenye njia ya hewa katikati. Wale waliofika pwani wanaijua ngalawa, ambayo mbao zake mbili za pembeni huizuia isipinduke. Upana husaidia hapa kwa sababu hiyohiyo. Lakini mashua ya miili miwili ikienda kasi sana upepo huingia chini yake ukaiinua na kuipindua. La tatu ni lile ligusalo maji kwa ncha tatu ndogo tu. Hilo lina kasi ya kutisha, ila lataka maji laini kama kioo na mkono uliokomaa.

Kwa anayeanza nachagua umbo la V, urefu wa sentimita 35 hadi 45. Lakini iwe ni ile inayojigeuza yenyewe ikipinduka. Mashua za namna hiyo huwa na nafasi ya wazi upande mmoja. Chombo kikipinduka, maji huingia katika nafasi hiyo, upande huo huwa mzito, na chombo hurudi kukaa sawasawa. Ukiwa dukani au ukisoma maelezo ya muuzaji, uliza habari hii kabla ya kuuliza habari ya kasi.

Tatu: mota

Mota ni za namna mbili. Ya kwanza ina brashi, yaani vipande vidogo vya kaboni vinavyogusa sehemu izungukayo ili kupitisha umeme. Ni rahisi kwa bei, lakini brashi huisha kwa kusuguana. Ya pili haina brashi. Ina waya tatu, na kidhibiti mwendo ndicho kinachobadilisha umeme kwa zamu ili sumaku zifuatane. Hii hudumu zaidi, haipotezi nishati nyingi kwa msuguano, na ina nguvu sana kwa uzito wake.

Juu ya mota isiyo na brashi huandikwa alama ya KV, na wanafunzi wangu hudhani ni kilovolti. Sivyo. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti 1, mota ikizunguka bila mzigo. Mota ya KV 2,000 ikipewa volti 7.4 ingezunguka mara 14,800 kwa dakika. Namba kubwa ya KV si alama ya ubora, ni alama ya mizunguko tu. Na rafadha kubwa juu ya mota ya mizunguko mingi huunguza waya.

Kwa mashua ya kwanza mota yenye brashi yatosha. Ukipata ile isiyo na brashi kwa bei unayoimudu, chagua yenye rimoti inayoweza kupunguza kiwango cha juu cha mwendo, ili uanze na nusu ya nguvu. Mota nyingine hupozwa kwa maji yanayopita katika bomba jembamba. Bomba hilo huzibwa upesi na tope na mchanga, nasi twayajua maji ya kwetu yalivyo na tope. Kila utokapo majini pulizia hewa ndani yake mpaka uone upenyo uko wazi.

Nne: betri

Hapa nawaomba wazazi wasome polepole.

Betri za nikeli hutoa volti 1.2 kwa kila seli, na seli 6 hufanya volti 7.2. Ni nzito, lakini ni mvumilivu. Betri za lithiamu hutoa volti 3.7 kwa kila seli, na seli 2 hufanya volti 7.4. Ni nyepesi na zina nguvu. Upande mmoja wa seli hizi hutengenezwa kwa madini ya kinywe, ambayo yamo ardhini huko Mahenge katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Basi vijana wa hapa wana haki ya kuyajua mambo yake.

Mwanafunzi wa Fizikia aweza kusoma betri kama kitabu. Chukua betri ya volti 7.4 yenye alama ya mAh 1,500, yaani ampea-saa 1.5. Ikiwa mota yatumia ampea 15 kwa wastani, nguvu ni 7.4 mara 15, yaani wati 111, sawa na taa 11 za wati 10 zikiwaka pamoja ndani ya chombo cha kubebwa kwapani. Itadumu muda gani? Gawanya 1.5 kwa 15, utapata saa 0.1, yaani dakika 6. Mtoto anayedhani atacheza tangu saa nane hadi jioni aambiwe ukweli huu kabla ya kununua.

Kutokana na hesabu hiyo natoa sheria: theluthi mbili za muda zikiisha, mashua irudi. Ikiwa betri ni ya dakika 6, dakika ya 4 geuka. Anayengoja mpaka mashua ichoke atachokewa mbali.

Lithiamu ina hasira ikitendewa vibaya. Seli iliyojaa ina volti 4.2, na isizidishwe hapo. Ikifika karibu volti 3.5 ikiwa kazini, simamisha. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa betri za lithiamu, yenye plagi ndogo ya kusawazisha seli. Chaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia, godoro na mafuta ya taa, ukiwa macho na ukiwa karibu, na ndoo ya mchanga mkavu iwe pembeni. Usichaji bwenini wala chini ya kitanda, wala usiku watu wakiwa wamelala. Betri iliyovimba kama andazi imekwisha kufa. Usiitoboe, usiitupe katika shimo la takataka linalochomwa moto. Nyumba isiyo na mtu mzima wa kusimamia mambo haya ichague betri ya nikeli, wala isione haya. Itapoteza kasi kidogo na kupata usingizi.

Tano: redio

Rimoti nyingi za leo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Mawimbi haya husafiri vizuri hewani, lakini maji huyameza. Kwa hiyo waya wa kupokea mawimbi yapasa ukae juu ndani ya chombo, usilale penye maji ya ngama. Na kwa kuwa mashua imekaa chini karibu na uso wa maji, masafa yaliyoandikwa katika sanduku hupungua. Yakiandikwa mita 100, wewe ishi ndani ya mita 50.

Kuna jaribio moja lisilogharimu kitu. Mtu mzima aishike mashua imara, mikono ikiwa mbali na rafadha, mota izunguke polepole, kisha zima rimoti. Mota lazima isimame. Isiposimama, chombo hicho siku moja kitapotewa na mawimbi ya redio na kuendelea kukimbia kwa kasi ileile mpaka kigonge kitu au mtu. Usikinunue. Mashua nyingine haziwashi mota mpaka ziguse maji. Hilo nalo ni jambo jema kwa vidole vya watoto.

Sita: namna ya kuzigawa fedha

Mnunuzi mwenye busara hatumii fedha zote kwa chombo. Mimi ningezigawa mafungu matatu: mafungu mawili kwa mashua, na fungu moja kwa betri ya pili, chaja nzuri, rafadha mbili za akiba na girisi ya mhimili. Kabla ya kulipa, uliza kama rafadha, usukani na mhimili wa chombo hicho hupatikana peke yake. Rafadha ndogo ikigonga jiwe huvunjika; na kwa kukosa kipande kimoja cha plastiki, mashua nzima huwa pambo la kabatini.

Atakayeipeleka Bagamoyo au Dar es Salaam wakati wa likizo akumbuke kwamba maji ya chumvi hula chuma. Aisuuze kwa maji baridi siku hiyohiyo, aikaushe, na kuutia mhimili girisi.

Siku ya kwanza majini

Kabla ya kwenda lamboni, weka mashua katika karai la maji, betri ikiwa ndani na kifuniko kimefungwa. Iache robo saa, kisha fungua uone kama maji yameingia. Baadaye tia ndani ya omo kitu cha kuelea. Sentimita 1 ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1, basi mashua ya gramu 600 ukiitia povu gumu au chupa tupu zilizofungwa zenye ujazo wa sentimita 600 za ujazo, haitazama hata ikijaa maji. Archimedes hakuishi bure.

Jifunze kugeuza kwa mwendo wa polepole. Mashua ikienda mbele yako, kulia ni kulia. Lakini ikikurudia uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Hapo ndipo wengi hugonga ukingo. Weka makopo mawili yaeleayo, uyazunguke kwa alama ya namba 8 mpaka mkono uzoee, ndipo uongeze mwendo.

Na mashua ikizimika? Chukua mshipi mrefu wa kuvulia, ufunge mpira wa tenisi mwishoni, uutupe ng'ambo ya mashua, kisha uvute polepole mpaka mshipi uikusanye. Au ngoja upepo uilete. Wakati wowote usiingie majini. Malambo yetu huwa na tope la kunasa miguu na vina visivyoonekana. Isitoshe, katika maji baridi yaliyotulia hukaa konokono waenezao kichocho, na vimelea vyake hupenya katika ngozi bila kuuma, hata kwa aliyeingia dakika chache tu. Mshipi na mpira vinunuliwe siku moja na mashua. Na mtoto asiye navyo asiruhusiwe kuwasha mota.

Basi, kwa wazazi walioniuliza, jibu langu kwa ufupi ni hili: umbo la V la sentimita 35 hadi 45, lijigeuzalo likipinduka, kasi isiyozidi kilomita 25 kwa saa, mota isimamayo redio ikipotea, betri ambayo nyumba yenu yaweza kuitunza, vipuri vipatikanavyo, na mtu mzima ukingoni. Kasi itafuata. Kijana akiweza kuirudisha mashua yake mara 50 mfululizo bila msaada wa mshipi, amestahili kuuliza habari ya ile iendayo kilomita 50 kwa saa.

Maswali ya kujipima

1. Mashua ina urefu wa sentimita 49. Kabla haijaanza kuteleza juu ya maji, kasi yake haizidi kilomita ngapi kwa saa?

2. Betri ya mAh 3,000 inatumika kwa ampea 20. Itadumu dakika ngapi, na mashua igeuke dakika ya ngapi?

3. Mashua ina uzito wa gramu 900. Yataka chupa tupu ngapi za mililita 300 ili isizame?

4. Lambo lina upana wa mita 40. Mashua ya kilomita 36 kwa saa italivuka kwa sekunde ngapi? Je, ungeileta lambo hilo? Toa sababu.

Majibu ya hesabu: (1) kilomita 3.15, (2) dakika 9, igeuke dakika ya 6, (3) chupa 3, (4) sekunde 4. Sababu ya swali la nne iandike mwenyewe kwa sentensi kamili, uniletee darasani.